Mkono Juu ya Kichwa

Vero mwanangu,

Wakati naandika haya, wewe uko uani unasugua tranka lako kwa majivu, na mkwaruzo wake unanifikia hapa mezani. Ningeweza kukuita tukaongea. Lakini nikikuita nitaanza tena habari za soksi na sabuni, nawe utasema, "Mama, umeshaniambia," na itakuwa kweli. Ya soksi yameisha. Hili lililobaki, kila nikilianza kwa mdomo linageuka kicheko, maana mama yako siku hizi anacheka ovyo kama msichana wa kidato cha pili. Kwa hiyo nimeliweka kwenye karatasi. Nitakupa jioni tukishakula, ulisome kabla ya safari ya kesho.

Asubuhi nimekunyoa, kama shule ilivyotaka. Ukaniambia nizitupe hizo nywele, nikasema sawa. Sijazitupa. Nimezifunga kwenye kile kitambaa changu cha njano na kuziweka chini ya nguo zangu. Usinicheke. Hujaondoka bado, na tayari nakutafuta: nimeingia chumbani kwako mara nyingi leo bila sababu, nimenusa mto wako, nimekaa kitandani pale ulipopachimba shimo kwa kulala upande mmoja miaka yote. Iringa si mbali, najua. Unatoka hapa Mvumi, unafika Mikumi, unapanda basi, jioni uko bwenini. Lakini mwili wangu haujui ramani. Unajua tu kwamba kesho nitapika chakula cha watu wawili.

Nina ombi moja. Kesho, kabla hujapanda gari, mpe Koinet kichwa chako.

Unajua ninachosema. Kwao wafugaji mtoto haishii kusema shikamoo akapita. Humjia mtu mzima, akainamisha kichwa, na mtu mzima akaweka kiganja juu yake. Neno lao ni dogo, mkono ndio salamu yenyewe. Siku ile alipokuja nyumbani mara ya kwanza kama mchumba wangu, na shuka lake limepigwa pasi, maskini, na fimbo ameiacha nje kwa heshima, alikunyooshea mkono kuelekea kichwani. Ukarudi nyuma mpaka ukagonga pipa la maji. Ukasema, "Shikamoo," kwa sauti ya mtu anayetupa jiwe kisimani. Akajibu, "Marahaba, mtoto wangu," akaurudisha ule mkono akaufuta kwenye shuka, kana kwamba ulikuwa na vumbi. Hajakunyooshea tena. Hata siku ya harusi hakukunyooshea. Anakusalimu kwa mbali, nawe unamwitikia kwa mbali, na mimi nakaa katikati na furaha yangu yote kama mtu aliyebeba sufuria la moto asijue pa kuliweka.

Sikulaumu, kwa sababu mimi ndiye niliyeharibu. Asubuhi ya siku ile aliyokuja mara ya kwanza nilikukumbatia jikoni nikakuambia, "Vero, Mungu amekurudishia baba." Nilikuwa na furaha ya kijinga, nilidhani maneno yale ni zawadi. Niliona uso wako ukijifunga kama mlango. Sikuelewa mpaka baadaye, usiku nikiwa peke yangu, nilipokumbuka yule mtoto wa shangazi yako.

Unakumbuka? Baba yako alipofariki ulikuwa hujaanza hata darasa la kwanza. Mwaka uliofuata shangazi yako kule Kimamba akajifungua mtoto wa kiume, wakampa jina la baba yako, Albano, kama watu wetu wanavyofanya. Na shangazi akakuambia kwa mapenzi, "Njoo umwone baba, amerudi." Ulikwenda. Ulisimama pale kitandani ukamwangalia yule mchanga kwa muda mrefu. Kisha ukaniuliza, "Mama, mbona hanijui?"

Watu walicheka. Mimi nililia bafuni. Na bado miaka yote hiyo baadaye nikarudia kosa lilelile la shangazi, nikakuambia amerudi.

Hakuna aliyerudi, Vero. Baba yako ni mmoja, na mwili wake ni ule uliokuwa unanuka grisi ya baiskeli na karanga za kukaanga, wenye kidole gumba kilichopinda. Amelala Kimamba. Koinet ni Koinet. Sikuliona jambo hili sawasawa mpaka tulipokaa kwenye mafundisho ya ndoa, na lilikuja kwa njia ambayo nisingeitegemea, kupitia neno uliloniuliza wewe ukiwa mdogo.

Ulikuwa unajiandaa kwa komunyo ya kwanza. Ukaja na katekisimu yako ukaniuliza, "Mama, Umwilisho maana yake nini?" Nilikuwa nakaanga maandazi. Nikasema, "Ni Mungu kuwa mtu. Geuza hayo yanaungua." Ukageuza. Nadhani ulistahili jibu refu zaidi, basi hili hapa, limechelewa kidogo.

Tulikuwa ofisini kwa padri, mimi, Koinet, na yule mama katekista mwenye miwani. Koinet alikuwa amebatizwa Pasaka, na kila kitu anakiuliza, hapiti neno bila kulishika pembe. Akasema, "Padri, hili neno Umwilisho nimewauliza Waswahili wote wa mnadani. Hawanalo. Mmelitoa wapi?"

Padri akacheka. "Hukuwa na haja ya kwenda mnadani. Limeundwa kanisani. Mwili tulikuwa nao, tukautengenezea neno."

"Na kabla yenu walisemaje?"

Basi padri akaanza. Akasema Wagiriki walikuwa na neno lao, Walatini wakalitafsiri kwa Kilatini, na kutoka kwa Walatini likasambaa Ulaya mpaka likaingia kwenye Kiingereza tulichofundishwa shuleni. "Na ukilipasua neno la Kilatini," akasema, "ndani yake unakuta nyama. Kuingia katika nyama."

Koinet akajifinya mkono. "Nyama hii?"

"Hiyo."

"Au nyama ya kuchoma?"

"Neno ni hilohilo moja."

Koinet akanigeukia, uso unang'aa. "Mama Vero, umesikia? Tumekaa bure tunaogopa, kumbe hata Mungu aliipenda nyama." Mama katekista akakohoa mpaka miwani ikateleza.

Padri akasema anafikiri wazee waliotutafsiria walilikwepa neno nyama kwa sababu huku kwetu ukisema nyama mtu anafikiria bucha. Wakachagua mwili. Wengine wakasema Mungu alipata mwili, wengine alitwaa mwili, wengine alivaa mwili. Hapo Koinet akakataa kabisa. "Kuvaa hapana," akasema. "Mimi shuka langu navua kila nikilala. Nyama huvui."

Padri akamwangalia kama mtu aliyekanyagwa mguu. Kisha akasema jambo hilohilo liliwagombanisha Wakristo wa kale. Walikuwepo waliosema Yesu alionekana tu kama mtu, mwili ukiwa kama vazi au kivuli, maana waliona aibu Mungu kusikia njaa na kutoka jasho. Watu walitengana kwa ajili hiyo. Na waliobaki walishikilia neno lile gumu lenye nyama ndani yake, wasikubali kulilainisha.

Nami nikapata ujasiri nikauliza la kwangu. Nikauliza kama ni sawa na wale wanaosema mtu akifa anarudi kwa mwili mwingine. Nilikuwa nakufikiria wewe na yule mtoto wa Kimamba. Akasema hapana, ingawa kwa Kiingereza maneno yanafanana, na watu wengi huchanganya. Kuna wanaoamini roho huhama kutoka mwili hadi mwili, na Wahindu nao husema miungu yao hushuka ikachukua maumbo mengi, na neno lao lenyewe ni la kushuka. "Lakini hapa," akasema, "ni mara moja, mwili mmoja, na hakuubadilisha. Hata alipofufuka alibaki na makovu yake."

Vero, nilishika ukingo wa meza. Kumbe mtu hapatikani mara mbili. Ndiyo maana kumpoteza kunauma hivi, na ndiyo maana mtu mwingine akija hana haja ya kuwa yule wa kwanza. Nilitamani kukimbia nyumbani nikakuambie palepale. Nilipofika ulikuwa unapiga pasi sketi ya shule, nikakuambia tu chai iko tayari. Ujasiri wangu huwa mfupi hivyo.

Padri alisema na jambo jingine mwishoni, akiwa ameshasimama kutusindikiza, na hili nimelipenda kuliko yote. Alisema zamani madaktari wa Ulaya walilitumia neno hilohilo kwa vidonda. Kidonda kilipoanza kuota nyama mpya, walikiita hivyo.

Shika mguu wako wa kushoto, pale kwenye muundi. Hilo kovu ni la mnyororo wa baiskeli ya baba yako, ulipoingiza mguu akikupakia nyuma. Yule nesi wa zahanati alinigombeza kwa sababu nilikuwa nakisugua kidonda nikidhani naondoa uchafu. "Mama, acha hicho chekundu," akasema. "Hiyo ndiyo nyama yenyewe inakuja. Wewe unaitoa." Nilijifunza kusafisha pembeni tu na kuacha katikati pajijaze penyewe. Sikujua kwamba ningekuja kuhitaji somo hilo kwangu. Miaka mingi baada ya baba yako, kila nilipohisi kitu kinaota ndani nilikisugua. Mtu akinichekesha, najilaumu. Nikijipaka mafuta mazuri, najilaumu. Nilidhani ndiyo uaminifu.

Halafu akaja mtu kuomba mabua.

Wewe unamkumbuka kama mfugaji mmoja tu kati ya wale wanaokuja tukishavuna, wakiomba ng'ombe wao wale mabua shambani, nasi tunapata mbolea na maziwa. Mimi nakumbuka kwamba aliuliza mpaka wa shamba ulipo kabla ng'ombe hajakanyaga, na kwamba alisimama juani mpaka ng'ombe wa mwisho akatoka, asije akaingia kwenye mbaazi zetu. Nikasema moyoni, huyu anaangalia vitu vya watu. Baadaye nikaona na miguu yake ilivyo mirefu, sitakuficha.

Mimi nililelewa na maneno. Shuleni tulikuwa tunaandikiana kadi zenye maua na mashairi ya kunakili, na nilidhani mapenzi ni nani anajua kuyaandika zaidi. Hata kwa Koinet nilianza hivyo. Nikamtumia kwenye simu mioyo myekundu mitatu, mmoja baada ya mwingine. Siku ya pili yake alasiri nikamwona anakuja kwa miguu kutoka upande wa Kidete, jasho linamtoka, na chupa ya dawa ya mizizi mkononi. "Nimeona umeniletea picha za moyo," akasema. "Unauma tangu lini?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alikaa akanitazama mpaka akaridhika kwamba siumwi, akanywa maji, akarudi kwa ng'ombe wake njia ileile. Hajawahi kuniambia nakupenda, Vero. Sijui kama wana neno hilo. Lakini nikiandika hili mashavu yananichemka, na nina umri wa kuwa na mtoto wa kidato cha tano.

Bombani walinisema, umewasikia. "Mama Vero, kesho tukuone na wewe umejifunga shuka." "Mama Vero, chumbani analala yeye au ndama?" Nikawajibu, "Wote, na hawakoromi kama mume wako." Lakini wewe kila ulipokuwa karibu ulichukua ndoo yako ukaondoka, na hapo utani ukawa haunichekeshi tena.

Sasa nikukumbushe siku ile kanisani, uliyocheka. Ilikuwa Jumapili yake ya kwanza kukaa benchi moja na sisi. Nilikuwa nimemweleza kwamba kwenye Nasadiki, tukifika pale panaposema Mungu alipata mwili, watu wote tunainama kidogo kwa heshima, halafu tunaendelea. Tukafika. Tukainama. Tukainuka. Koinet hakuinuka. Watu wakamaliza Nasadiki yote, wakafika kwenye maombi, yeye bado ameinamisha kichwa, mikono imeshuka, ametulia kama mti. Watoto wa nyuma wakaanza kusukumana kwa viwiko. Nikamvuta shuka. Ndipo wewe ukacheka, kwa sauti, naye akakusikia.

Njiani nikamuuliza ilikuwaje. Akasema, "Mliinama, nami nikainama. Nikawa nasubiri mkono."

"Mkono gani?"

"Si mmesema amekuja na mwili? Mtu mzima akija ukamwinamia, anakuwekea mkono. Mimi sikujua ninyi mnainuka kabla."

Miaka yangu yote nimeinama pale Jumapili kwa Jumapili, na sijawahi kusubiri chochote. Hata hili neno letu la shikamoo, wazee husema lilikuwa kushika miguu hasa, mtu anainama anashika. Sisi tumebaki na neno, mikono tumeiweka mfukoni. Yeye ametoka kwa watu ambao bado wanashika.

Kwa hiyo ukiniuliza leo Umwilisho ni nini, mbali na maandazi, nitakuambia ni neno lililochoka kuwa neno. Lilitaka kuja kukaa, kuchoka, kula, kushikwa. Simu ni nzuri, nawe utaruhusiwa kupiga Jumapili, na nitakaa hapa tangu asubuhi nikiisubiri. Lakini sauti yako haitakuwa na kile kishimo cha kisogoni. Haitaniegemea bega. Nitakuwa nasikia, "Mama, sijambo," na mikono yangu itakuwa haina kazi. Krismasi, tukifika pale kwenye Nasadiki, tunapiga magoti badala ya kuinama, unajua. Nataka goti lako liwe karibu na langu. Nimeshamwambia Koinet kwamba siku hiyo tunainuka pia. Amesema ataangalia.

Na kuhusu kesho, sikulazimishi. Kichwa ni chako. Usimwite baba kama ulimi unakataa, na moyoni usimwondoe Albano hata kwa unene wa unywele. Nataka tu usiende Iringa ukiwa hujaguswa na mtu atakayekesha akikuombea. Nataka ule mkono usirudi tena kufutwa kwenye shu

Ngoja.

Naandika tena. Mkwaruzo wa tranka ulinyamaza ndipo nikainua macho. Dirisha hili linaona uani, unajua, na pazia lilikuwa limefungwa nusu, hukuniona.

Alikuwa ameingia kutoka kwa ng'ombe, amesimama palepale pa mbali anaposimama siku zote. Ukasema, "Shikamoo, mzee," bila kuinua kichwa kutoka kwenye tranka.

"Marahaba, mtoto wangu." Akakuangalia. "Nani amekufanya hivyo?"

"Mama. Na mkasi wa kukatia vitambaa."

"Kwetu hata kondoo tunamnyoa vizuri zaidi."

Ukacheka. Nilikusikia ukicheka, na si kama siku ile kanisani. Ukapitisha kiganja kisogoni ukasema, "Ameacha na vichaka huku nyuma. Nahisi lakini sioni. Wenzangu watanisema." Kisha ukasugua kidogo, ukasema tena ukiangalia chini, "Mzee, hebu shika hapa unionyeshe viko wapi."

Hakusogea. Nadhani alidhani amesikia vibaya. Ukageuka upande wake, ukiwa bado umechuchumaa na majivu mikononi, ukainamisha kichwa.

Alikuja polepole. Akaweka fimbo chini. Akaweka kiganja chote juu ya kichwa chako, hakutafuta kichaka chochote, akakiacha pale. Akasema neno la kwao ambalo sijafundishwa bado. Nawe hukuinuka. Ulibaki umeinama kwa muda, kama mtu aliyekuwa akisubiri.

Kisha ukasema, "Umeviona?" Naye akasema, "Viko vingi. Lete mkasi." Na sasa hivi, ninapoandika mstari huu, umekaa kwenye kigoda na yeye amesimama nyuma yako, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika, anakata unywele mmoja mmoja.

Barua hii sitakupa jioni. Nitaichomeka kwenye tranka chini ya shuka zako, na utaikuta ukifika. Lile ombi liruke.

Sasa natoka nje kuziokota hizo nywele nyingine kabla upepo haujazichukua.

Mama yako anayekukumbuka na bado uko uani,
Mama Vero